Mrudishie au Nyamaza? Kweli na Uongo kuhusu Uonevu Shuleni

Kila Januari shule zinapofunguliwa, wazazi hukaa na watoto wao na kuwapa wosia uleule waliopewa wao: usilie mbele za watu, ukipigwa nawe piga, usiwe mchongezi. Wosia huu tumeurithi bila kuupima, na kuna watoto wanaoumia kwa sababu yake. Mwaka 2019 UNESCO ilitoa ripoti yenye takwimu za nchi 144: karibu mwanafunzi mmoja kati ya watatu alikuwa ameonewa na wenzake angalau mara moja katika mwezi uliotangulia. Kusini mwa Jangwa la Sahara idadi hiyo inakaribia nusu. Nimezikusanya hapa kauli zinazosemwa sana majumbani na katika ofisi za walimu, tuzipime.

"Hao wanataniana tu."

Si kweli, na sisi tulipaswa kulijua hilo mapema kuliko watu wengine, kwa sababu utani tumezaliwa nao. Mpare na Mchaga hutupiana maneno makali hadi msibani na hakuna anayekasirika. Wahehe na Wangoni, ambao mababu zao walimwagana damu vitani katika karne ya 19, leo wanachokozana na kucheka pamoja. Mjukuu humwita bibi yake "mke wangu" mbele ya wageni. Lakini utani una masharti yake, na kila aliyelelewa nao anayajua: wote wawili wana haki ya kujibu, wote wawili wanacheka, na mmoja akifikwa na msiba mtani wake ndiye anayeshika kazi za mazishi.

Yapeleke masharti hayo kwenye uwanja wa shule. Mtoto wa darasa la nne mwenye kigugumizi anazungukwa na wenzake saba kila mapumziko. Wanamwamuru aseme jina lake, naye anapokwama wanalimalizia kwa pamoja, wakikokota herufi kama anavyokokota yeye. Anaweza kuwajibu? Anacheka? Akianguka, kuna hata mmoja atakayemwinua? Hapo hakuna utani wowote.

Mwanasaikolojia Dan Olweus, mzaliwa wa Uswidi aliyefanya kazi zake nyingi katika mji wa Bergen, Norwei, alianza kulichunguza jambo hili miaka ya 1970 na akalipa alama tatu. Mtendaji anakusudia kuumiza. Jambo linarudiwa. Na kuna tofauti ya nguvu, kiasi kwamba anayetendewa hawezi kujitetea kirahisi. Naomba msomaji aishike hiyo ya tatu, kwa maana karibu kila kosa tunalolifanya sisi watu wazima linatokana na kuisahau. Wawili wanaolingana wakigombania mpira, huo ni ugomvi, na watapatana kabla kengele haijalia. Uonevu ni kitu kingine. Na nguvu si misuli peke yake: ni umri, ni wingi wa marafiki, ni pesa za baba, ni lafudhi, ni beji ya ukiranja.

"Kuku mgeni hakosi kamba mguuni."

Methali hii hutumiwa kuhalalisha mateso ya kidato cha kwanza katika shule za bweni. Huku Tanzania tunawaita njuka, Kenya wanawaita mono, na mambo wanayofanyiwa yanafanana pande zote mbili za mpaka. Njuka anafua nguo za wakubwa, anawachotea maji, anawatandikia vitanda. Sanduku lake linafunguliwa usiku wa kwanza, na dagaa wa kukaanga na karanga alizofungashiwa na mama yake zinagawanywa mbele ya macho yake. Kisha yanafuata maagizo yasiyotekelezeka: pima uwanja wa mpira kwa njiti ya kiberiti, zima taa ya umeme kwa kuipuliza, piga simu nyumbani kwa kiatu. Akisita, kofi. Akicheka, kofi. Kilele cha mchezo wenyewe ni kwamba hakuna jibu sahihi, ili mtoto ajue kuwa usalama wake hautegemei chochote anachokifanya yeye.

Wanaotetea desturi hii husema inajenga nidhamu na umoja. Matunda yake tunayaona mwaka unaofuata: aliyepuliza taa anaingia kidato cha pili akiisubiri Januari kwa hamu. "Nami nilipitia" ndiyo hoja yake yote.

Mwaka 2017 Wakenya walishtuka habari zilipotoka katika Shule ya Upili ya Alliance, mojawapo ya shule kongwe na zenye sifa kubwa nchini humo, kwamba wanafunzi wa kidato cha kwanza walikuwa wakipigwa na kuteswa usiku, na viranja wakatajwa kuwa mstari wa mbele. Mkuu wa shule akastaafu mapema. Jambo la kujifunza hapo si kwamba shule ilikuwa mbovu. Matokeo yake ya mitihani yalikuwa ya kujivunia. Ni kwamba watoto wa miaka 17 walikabidhiwa mamlaka ya kuadhibu watoto wa miaka 14, taa zikazimwa, na watu wazima wakaenda kulala.

Mzazi anayempeleka mtoto bweni ana haki ya kuuliza kabla hajalipa ada: nani mtu mzima anayelala karibu na bweni la kidato cha kwanza? Kiranja anaruhusiwa kutoa adhabu? Mtoto akitaka kupiga simu nyumbani, anaomba kwa nani? Mkuu wa shule anayejibu maswali hayo bila kukunja uso ameshakuambia mengi, na anayeyakwepa pia.

"Kuonewa kunamkomaza mtoto."

Si kweli. Nchini Uingereza watafiti wamewafuatilia kwa miongo mingi watu waliozaliwa katika wiki moja ya mwaka 1958. Wazazi wao waliulizwa, watoto wakiwa na miaka 7 na tena wakiwa na 11, kama walikuwa wakionewa na wenzao. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba wale walioonewa mara kwa mara, walipofika miaka 50, bado walikuwa na sonona na wasiwasi mwingi kuliko wenzao, na hata mahusiano yao na watu na hali zao za kipato zilikuwa dhaifu zaidi. Miaka 40 baadaye!

Kinachotudanganya ni kwamba tunawasikia waliovuka tu. Mbunge anasimulia jukwaani alivyopigwa bwenini na leo yuko hapo alipo. Aliyeacha shule kidato cha pili kwa sababu hiyohiyo hapewi kipaza sauti. Ni kweli mtoto hukua kwa kupambana na magumu, ila yawe magumu anayoyaweza, na awe na mtu nyuma yake. Uonevu unamnyima vyote viwili.

"Wangu akionewa ataniambia."

Mara nyingi hasemi. Anaogopa kuitwa mchongezi. Anaona aibu. Anaogopa pia kwamba mama atatinga shuleni kesho yake na kufoka mbele ya darasa zima, na hali itakuwa mbaya kuliko jana. Kwa hiyo mwili wake ndio unaosema. Tumbo linauma Jumapili jioni na kupona Ijumaa mchana. Anarudi na njaa ilhali alipewa hela ya kula. Madaftari yanapotea. Anafika nyumbani akikimbilia chooni kabla hata hajavua begi, kwa sababu kutwa nzima hakuthubutu kuingia choo cha shule. Hiyo ya mwisho isipuuzwe hata kidogo: choo ni mahali pasipo mwalimu, na waonevu wanalijua hilo.

Kuuliza "Nani kakuonea?" huwa kunamfunga mtoto mdomo. Bora kupitia pembeni.

"Leo mapumziko ulikaa na nani, baba?"

"Na mtu."

"Mtu gani?"

"Nilikaa tu, mama."

Hapo mama asimrukie. "Haya, mwanangu. Ukitaka kuniambia, nipo," kisha aendelee kumenya vitunguu. Watoto wengi husema mikono ya mzazi ikiwa na kazi na macho hayajawakazia. Siku atakayosema, anahitaji kusikia mambo matatu kabla ya jingine lolote: nakuamini; kosa si lako; nitachukua hatua, na nitakueleza kabla sijaichukua. La tatu ndilo linalosahaulika zaidi, nalo ndilo linaloamua kama atarudi kukueleza tena.

"Akipigwa, arudishe."

Najua kina baba wengi hawatalipenda jibu hili: kwa sehemu kubwa si kweli. Rudi kwenye tofauti ya nguvu. Mtoto huyu alichaguliwa kwa sababu ilionekana hawezi kurudisha, au akirudisha watamjia watano. Ukimwambia arudishe naye akashindwa, sasa ana aibu mbili, ya kule shuleni na ya kwako. Tena ngumi ya pili ndiyo mwalimu huiona, na mtoto wako ndiye atakayesimama mbele ya mstari kesho asubuhi.

Yapo ya kumfundisha badala yake, na yanafanyiwa mazoezi sebuleni kama shairi la sherehe ya shule: kusimama wima, kusema "Acha!" kwa sauti inayosikika mbali, kuondoka kuelekea palipo na watu na si pasipo watu. Na atafutiwe rafiki. Rafiki mmoja wa kweli ni kinga kubwa, na mzazi anaweza kumwalika nyumbani Jumamosi mtoto wa jirani wanayesoma pamoja.

Kisha kazi inabaki ya mkubwa. Andika: tarehe, mahali, nani alikuwepo, nini kilifanyika. Mwone mwalimu wa darasa kwa utulivu ukiwa na hiyo karatasi, uliza atafanya nini na lini, na urudi baada ya wiki. Asipofanya, nenda kwa mkuu wa shule, kisha kamati au bodi ya shule, kisha afisa elimu kata. Usimfuate mzazi mwenzio barazani kwake usiku, na usimkamate mtoto wa mtu getini; ukifanya hivyo kesi itageuka na kuwa yako. Namba 116 ni ya simu ya bure ya msaada kwa mtoto Tanzania, Kenya na hata Uganda. Mtoto mwenyewe anaweza kuipiga, kwa hiyo aijue kwa kichwa.

"Waonevu ni watoto waliokosa malezi."

Wapo wa namna hiyo, wanaopigwa nyumbani na kulipizia shuleni. Lakini wapo wengi wenye adabu mbele ya walimu, wanaopendwa, wenye marafiki tele, na uonevu ndio unaowalindia cheo chao kati ya wenzao. Ndiyo maana ukipigiwa simu na shule kwamba mwanao ameonea mwenzake, jibu la "wangu hawezi" ni jibu baya. Sema "nakuja".

"Wanaotazama hawahusiki."

Wanahusika sana. Nchini Kanada watafiti waliwarekodi watoto wakiwa viwanjani kwa kamera na vipaza sauti, na mwaka 2001 wakachapisha walichokiona. Karibu katika matukio 9 kati ya 10 kulikuwa na watoto wengine wanaotazama. Waliojitokeza kuingilia walikuwa wachache, chini ya tukio 1 kati ya 5. Lakini walipoingilia, zaidi ya nusu ya mara hizo uonevu ulikoma ndani ya sekunde 10.

Sekunde 10 ni fupi kuliko muda ambao mwalimu wa zamu angeutumia kutoka ofisini hadi uwanjani. Mwonevu anacheza mbele ya hadhira, na hadhira ikiacha kucheka mchezo unamfia mkononi. Ufini wamejenga juu ya hoja hii mpango wao wa kitaifa uitwao KiVa, uliobuniwa katika Chuo Kikuu cha Turku na kusambazwa shuleni kuanzia mwaka 2009. Darasa zima linafundishwa, siyo wale wawili tu. Hatuwatumi watoto wakapigane. Tunawafundisha kutocheka, kutorekodi kwa simu, kumwita aliyeonewa "njoo tukae huku", na kwenda kumwambia mwalimu. Na hapa walimu tuna deni: mwanafunzi akija kusema, tusimwulize "wewe yanakuhusu nini?" Swali hilo moja linafunga midomo ya darasa zima kwa muhula mzima.

"Dawa ya mwonevu ni viboko."

Si kweli. Kenya iliondoa viboko shuleni mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtishia anayevunja katazo hilo kwa faini isiyozidi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote. Tanzania bado inaviruhusu, lakini kanuni za mwaka 2002 zimeweka mpaka: visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au aliyemruhusu, na viandikwe kitabuni. Tuseme ukweli, ni shule ngapi zinazofuata hata hilo?

Niiache sheria, niseme la msingi. Mtoto aliyempiga mdogo wake kwa kuwa ana nguvu anapigwa na mtu mwenye nguvu kuliko yeye. Somo analolipata ni lilelile alilokuwa nalo, sasa limegongwa muhuri na ofisi. Akitoka hapo anamtafuta aliyemchongea. Kule Luwero, Uganda, shule 42 za msingi zilishiriki katika utafiti wa mpango wa kubadili utamaduni wa shule nzima, ulioandaliwa na shirika la Raising Voices. Nusu zilipewa mpango, nusu zikasubiri. Matokeo ya mwaka 2015 yalionyesha kwamba katika shule zenye mpango, hatari ya mwanafunzi kupigwa na wafanyakazi wa shule ilipungua kwa asilimia 42. Ni jirani zetu hao, wenye madarasa yenye msongamano kama yetu na bajeti kama zetu. Hoja ya "kwetu haiwezekani" imekosa mguu.

Kuacha fimbo si kumwachia mwonevu. Aondolewe beji kama ni kiranja. Arudishe alichochukua. Mzazi wake aitwe na aelezwe kwa maandishi. Azuiwe mahali fulani kwa muda, akae na mwalimu wa ushauri nasaha zaidi ya mara moja. Na lililo kosa la jinai, kama kumwumiza mtu vibaya au kumdhalilisha kijinsia, lipelekwe polisi, lisimalizwe ofisini kwa ajili ya jina la shule.

"Waiteni wote wawili, wapeane mikono, yaishe."

Si kweli, na hili ndilo kosa linalofanywa kwa nia njema kuliko mengine yote. Upatanisho unafaa kwa wanaolingana. Hapa mtoto anasimamishwa ana kwa ana na anayemtesa, anaulizwa aeleze mbele yake, anaambiwa "nawe ulimfanya nini?", halafu anapewa mkono uliompiga aushike na atabasamu. Anatoka ameelewa kwamba ofisi haiko upande wake.

Waonwe tofauti. Aliyeonewa kwanza, faraghani, bila kukatizwa. Kisha walioshuhudia, mmoja mmoja. Mwonevu wa mwisho, naye aambiwe yanayojulikana bila kutajiwa nani kasema. Baada ya siku 2 mwalimu amwulize aliyeonewa hali ikoje, baada ya wiki tena, baada ya mwezi tena. Hapo ndipo shule nyingi hulegea, kwa sababu siku ya pili daima kuna utulivu.

"Ya kwenye simu hayaihusu shule."

Yanaihusu. Kundi la WhatsApp lililomtenga msichana Jumamosi usiku ni wale wale watakaokaa nyuma yake Jumatatu. Wasichana hasa huumizwa hivi, kwa kununiwa, kutengwa na kusambaziwa uvumi, bila hata ukucha kuguswa, na watu husema hawaoneani. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 inautaja uonevu wa mtandaoni kuwa kosa. Piga picha ya skrini kabla ujumbe haujafutwa. Na usimnyang'anye simu aliyeonewa. Kuogopa hilo ndiko kunakomfanya afiche.

"Uonevu umekuwepo tangu zamani, hauwezi kupunguzwa."

Umekuwepo, kweli. Kupunguzwa, unapunguzwa. Mwishoni mwa 1982 wavulana watatu wa kaskazini mwa Norwei walijiua, na ilionekana kwamba kuonewa na wenzao kulichangia sana. Nchi ilitikisika, na mwaka 1983 serikali ikaanzisha kampeni ya shule zote. Olweus aliwafuatilia wanafunzi wapatao 2,500 wa Bergen, na ndani ya miaka miwili uonevu ulikuwa umepungua kwa takriban nusu. Kwingineko mafanikio yamekuwa madogo zaidi. Tathmini zilizojumlisha mipango mingi ya namna hiyo zinaonyesha punguzo la karibu moja ya tano. Katika shule yenye watoto mia moja wanaoonewa, hao ni watoto ishirini.

Na walichokifanya Bergen kwa sehemu kubwa hakikuhitaji fedha. Mwalimu anaweza kuanza na karatasi zisizo na majina, maswali mawili tu: ni wapi hapa shuleni hujisikii salama, na ni saa ngapi? Zikusanywe ndani ya boksi, zisomwe na walimu wote mchana huohuo, na ramani ya shule ichorwe ubaoni. Kama alama nyingi ziko nyuma ya choo cha wavulana saa nne na nusu, basi ratiba ya zamu ibadilishwe ili kesho saa nne na nusu mwalimu awe amesimama pale.